Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha yamo kwenye ripoti ya mweka hazina, sina haja ya kuyarudia. Niwakumbushe tu wenye madeni ya ada kwamba katiba haiwaruhusu kupiga kura.

Mwaka huu kazi kubwa ya chama ilikuwa kuwaandaa vijana wanaotaka kufanya utafiti wa nadharia katika fizikia ya maada yabisi na nanosayansi. Mlango ulio karibu nao ni hesabu za muundo wa elektroni, yaani kukokotoa jinsi elektroni zinavyojipanga ndani ya maada. Msingi wake uliwekwa na Pierre Hohenberg na Walter Kohn mwaka 1964, na mwaka uliofuata Kohn na Lu Jeu Sham wakaugeuza kuwa milinganyo inayotatulika kwa kompyuta. Programu ya Quantum ESPRESSO, inayofanya hesabu hizo, ni ya bure. Mafunzo nayo hayako mbali: shule ya ASESMA, inayofundisha hesabu hizi barani Afrika, imewahi kufanyika Eldoret (2012) na Kigali (2023), na hapo Kigali ipo taasisi ya utafiti ya EAIFR, mshirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichopo Trieste, Italia.

Hata hivyo, kazi nyingi zilizoletwa kwenye kamati zilirudishwa, kwa sababu wenyewe hawakupima kama namba zao zimetulia, yaani hazibadiliki tena ukiongeza usahihi wa hesabu. Chukueni grafini, karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja: seli yake, yaani kipande kidogo kinachojirudia, ina atomu mbili tu na upande wa angstromu 2.46 (angstromu ni sehemu ya bilioni kumi ya mita), hivyo kompyuta mpakato inaimudu. Programu hurudia seli pande zote tatu, kwa hiyo acheni nafasi tupu ya angstromu 15 hivi juu ya karatasi, la sivyo karatasi zitaanza kuhisiana. Gridi ya nukta k (sampuli za mawimbi ya elektroni ambazo nishati hukokotolewa kwazo), isiyosogezwa, iwe ya namba inayogawanyika kwa 3. Gridi ya 12×12×1 inaigusa pembe ya K, mahali bendi, yaani nishati zinazoruhusiwa kwa elektroni, zinapokutana. Ya 10×10×1 inairuka, na mtu anajikuta anatangaza pengo la nishati kati ya bendi ambalo grafini haina. Kikomo cha nishati, kinachoamua mawimbi mangapi yatumike kwenye hesabu, kipandisheni kwa hatua za Ry 10 (Ry, Rydberg, ni kipimo cha nishati) mpaka nishati kwa atomu ibadilike chini ya mRy 1, yaani sehemu ya elfu ya Ry. Anayetumia sudopotenshali laini (ultrasoft; sudopotenshali ni faili linalowakilisha kiini na elektroni za ndani za atomu) asiache kikomo cha msongamano wa elektroni kwenye mara 4 ya kikomo cha nishati, inayowekwa na programu yenyewe. Aweke mara 8 hadi 12. Vinginevyo nguvu zinayumba na atomu hazitulii.

Silikoni ni kesi tofauti. Kwa PBE, ukadiriaji unaotumika sana katika hesabu hizi, pengo linatoka kama eV (elektronivolti) 0.6, ilhali maabara hupata 1.1. Hapo usihangaike na gridi: ni udhaifu wa ukadiriaji wenyewe.

Kuhusu umeme: wekeni max_seconds, kikomo cha muda wa kukokotoa, ili programu isimame yenyewe na kuhifadhi kazi, kisha iendelee kwa agizo la restart. Umeme ukikatika ghafla, mafaili hubaki nusu na kuendelea hakuwezekani. Na hesabu ikifa bila ujumbe wowote wa kosa, tazameni kumbukumbu ya kompyuta (RAM) kabla ya kumlaumu mtu. Mara nyingi imejaa, na mfumo wa kompyuta umeiua programu.

Sasa mada za tasnifu. Tangu kundi la Pablo Jarillo-Herrero wa MIT litangaze mwaka 2018 kwamba karatasi mbili za grafini zilizozungushwa kwa digrii 1.1 hivi hupitisha umeme bila ukinzani kwenye baridi kali, kila mwanafunzi anaitaka hiyo. Seli yake ina atomu zaidi ya 11,000, na kwa mbinu ya kawaida atomu zikiongezeka maradufu muda huongezeka mara nane. Haiwezekani kwa mashine tulizonazo. Lakini Rafi Bistritzer na Allan MacDonald walikwishaitabiri pembe hiyo mwaka 2011 kwa modeli endelevu (continuum), isiyohesabu atomu mojamoja, inayohitaji matriksi (majedwali ya namba) za safu mia chache tu. Inakokotolewa kwa dakika kwenye mpakato. Cha kuangalia ni idadi ya vekta za mawimbi zinazobakizwa kwenye matriksi: zikiwa chache mno, pembe ya bendi bapa, ambako nishati ya elektroni karibu haibadiliki, inasogea. Kwa maoni yangu, kijana anayejua kuchagua modeli namna hii atafika mbali kuliko anayesubiri foleni ya kompyuta kuu.

Kamati imeazimia yafuatayo, na tunaomba mkutano uyapitishe. Kila kazi itakayoletwa iambatane na jedwali la vipimo vya gridi na vikomo, pamoja na mafaili ya ingizo na majina kamili ya sudopotenshali zilizotumika. Isiyo na jedwali haitasomwa.

Mwenyekiti