Leta pikipiki, lakini kwanza mpate mtu wa chumvi

Lindi Mjini,
Mwezi wa tisa

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na watoto wasalimie wote. Barua yako niliipata, na kesho yake nikaenda nayo kwa mjomba kule kwenye mashamba ya chumvi, maana uliyoniuliza si ya kujibiwa barazani. Unataka kuleta pikipiki za magurudumu manne, wageni wa likizo waongozwe kwenye uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko. Mimi nasema leta. Ila kabla hujanunua hata moja, tafuta kiongozi wa msafara, na awe mtu aliyekulia kwenye chumvi.

Ule uwanda unaouona mkavu, mkavu ni juu tu. Bahari huufikia siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maana siku hizo huku kwetu maji hupanda zaidi ya mita 3 toka kupwa hadi kujaa. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua na bamvua, hayafiki. Hapo jua linakausha, chumvi inabaki juu kama ukoko wa wali, na chini yake kuna tope jeusi la kunata. Mtu wa miguu anapita bila kujua. Pikipiki yenye mtu mzima juu yake inalivunja gamba na kuzama. Mjomba alinionyesha kwa fimbo: mahali pamoja iligonga pagumu, hatua mbili pembeni ikazama karibu yote. Yeye anapajua kwa rangi. Penye weusi wa unyevu anapakwepa, na anapoona miche ya mchu, aina ya mkoko, imeanza kuota anageuza kabisa, kwa kuwa maji hufika hapo mara kwa mara.

Halafu ratiba. Usimtangazie mgeni kwamba kila siku ni saa kumi jioni. Saa ya maji kujaa husogea kama dakika 50 kila siku, na siku za bamvua bora mashine zilale.

Unakumbuka tulivyozipanda Unguja? Mafuta unayatoa kwa dole gumba, kwa hiyo mtu akishtuka anazidi kubana na mashine inaruka mbele. Tena hailali kwenye kona kama bodaboda. Ukikata kwa kasi inapinduka. Kwenye uwanda mtupu, pasipo mti wala jiwe, kila mtu atatamani kukimbia, na hilo ndilo linaloniogopesha. Kiongozi atangulie, wengine wamfuate mmoja nyuma ya mwingine juu ya alama zilezile. Kofia ngumu kila mtu, hata wa mwendo mfupi. Alama zikitapakaa huku na huku, zile za sehemu za juu zisizofikiwa na maji hukaa muda mrefu, na mashimo ya kaa huzibwa. Mikoko yenyewe ni msitu wa hifadhi, basi nenda TFS, wakala wa serikali wa misitu, na serikali ya kijiji uombe ruhusa mapema. Ufukweni usiwapeleke, kasa hutaga mayai mchangani.

Ningekuwa mimi, kituo kikubwa ningekiweka kwenye majaruba, yale madimbwi yenye matuta ya kukaushia maji ya bahari. Zimeni injini, mshuke, mtembee juu ya tuta. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji hayo lazima yapungue hadi karibu sehemu moja ya kumi ndipo chembe za chumvi zianze kujijenga. Mgeni akiona hivyo, akiwaona kina mama wakiikomba na kuirundika, atakuwa ameiona Lindi. Walipe wenye shamba kwa kila msafara, shoga yangu, na pikipiki zisipande tuta kamwe. Tuta likibomoka, maji yaliyopikwa na jua kwa wiki kadhaa yanakwenda zake, na hiyo ni riziki ya mtu.

Msimu wako ni huuhuu wa chumvi, kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi na moja. Kila jioni osha mashine kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, uvunguni hasa, la sivyo kutu itazimaliza.

Mjomba amekubali kukutembeza kwa miguu kwanza, sehemu yote. Njoo wiki moja baada ya mwezi kuandama, maji yakiwa mafu, ufikie kwangu. Uje na viatu vya kufunga kamba.

Shoga yako akupendaye