Zoezi la Jumamosi: kuinua mashua iliyopinduka

Habari za jioni, wapendwa. Jumamosi maji yakijaa tutapindua mashua ndogo makusudi, kila mtu kwa zamu. Asiye na jaketi la kujiokolea haingii majini.

Mkipinduka, msiiache mashua hata ufuo ukionekana karibu. Legezeni kwanza kamba ya tanga; likiwa limekazwa, litashika upepo likiinuka na kuwapindua tena. Omo, yaani mbele ya mashua, ielekee upepo. Simama kwenye ubao wa katikati, ule unaotokeza chini ya mashua, karibu na tumbo la mashua maana ukisimama nchani ubao unaweza kuvunjika, shika ukingo, egemea nyuma kwa uzito wote. Mlingoti huchelewa kutoka majini, kisha huja ghafla! Wepesi wa mwili, simameni wawili. Kurudi ndani pitieni tezini, yaani nyuma ya mashua, mkipiga miguu.

Wanaokuja waandike majina hapa kabla ya Ijumaa.