Mgeni akianza kuimba, msimkatize

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi watangazaji wa mahojiano ya redio. Mgeni akisimulia maisha yake, mwulizeni pia wimbo aliorithi: nani alimwimbia, na wakati wa shughuli gani.

BBC wana mifano mizuri. Desert Island Discs, kipindi kilichoanza 1942, humtaka mgeni achague rekodi nane. Sehemu ya kipindi chao kingine, iitwayo Inheritance Tracks, humtaka mgeni ataje wimbo aliorithi na mwingine atakaowaachia wanaokuja. Hilo la pili ndilo hunigusa zaidi, maana ni vigumu kulijibu bila kufikiria siku ya kuondoka.

Bibi yangu aliniachia wimbo wa kubembelezea mtoto, beti mbili tu. Ubeti wa tatu aliuvumisha midomo ikiwa imefumbwa, nami sikuwahi kumwuliza maneno yake. Amezikwa nayo. Ndiyo sababu huumia nikimsikia mtangazaji akimkatiza mgeni aliyeanza kuimba, eti muda umekwisha. Punguzeni maswali ya vyeo na tuzo. Mgeni akianza kuimba, hata sauti ikikwaruza, mwacheni afike ubeti wa mwisho.

Wenu,
Msomaji na msikilizaji wa miaka mingi