Virusi havionekani, lakini mama hapati usingizi

Shangazi,

Saa tisa usiku hii, usingizi umekataa. Usiniambie nimechoka na kazi, kazi naijua. Linaloniuma ni lile neno la kila siku kwenye kliniki ya wajawazito, VVU visipoonekana kwenye kipimo cha damu: "Virusi havionekani, huyu mzima, aingie mwingine."

Mzima vipi? Hata virusi vikinyamaza, kinga ya mwenye VVU mara nyingi haitulii, inabaki kama kaa chini ya majivu. Inflamesheni hiyo, yaani kinga kuwaka ndani kwa ndani, huichepusha triptofani, kijenzi cha protini ambacho mwili ungekitumia kutengeneza serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia. Sisemi ndiyo sababu pekee ya sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Njaa ipo, aibu ipo. Wala usipime CRP, kipimo cha damu cha inflamesheni, ukadhani umepata jibu, maana mimba yenyewe huipandisha. Dawa ni kumuuliza mama!

Maswali ya kupima sonona ni tisa tu, ya wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Akifika 10, mfuatilie. Uchovu wa mimba huongeza alama, kwa hiyo nasikiliza zaidi alivyopoteza raha na anavyojiona hafai kitu. Swali la tisa, la kutamani kufa, halingoji jumla: hata akipata 1, haachwi peke yake. Nauliza pia TLD, kidonge chake cha VVU, anameza saa ngapi, kwani dolutegravia iliyomo huwakosesha wengine usingizi. Huyo ahamie asubuhi. Vidonge vya kuongeza damu avimeze pamoja na TLD na chakula, la sivyo TLD itangulie kwa saa mbili.

Sonona ikiachwa, vidonge vinarukwa, virusi vinarudi, mtoto yuko hatarini. Bado wananiambia mzima! Uganda ilikubali 2012 kila mjamzito mwenye VVU apewe dawa za VVU kwa maisha yake yote. Dawa tunampa, swali hatumuulizi. Na tiba ya kuzungumza katika vikundi ilijaribiwa hapa hapa nchini, Masaka na Rakai, ikawafaa watu wa vijijini.

Sasa kuna mama ana alama 17, na la tisa amejibu ndiyo. Anahitaji mtu wa kukaa naye, lakini mume hajui habari za virusi, na mama ameniapisha. Nimemlaza wodini kwa kisingizio cha presha. Mume anakuja kumchukua asubuhi. Kuna wakati natamani nisingemuuliza. Hapana, ningemuuliza tu.

Shangazi, mama akiridhia, nimwite dada yake nimwambie ni huzuni ya mimba, virusi nisivitaje? Huko ni kumlinda, au ni kudanganya?

Mkunga, Arua