Santorini au Krete? Kwanza tuambie mna siku ngapi

Maharusi wengi wanaofika ofisini kwetu hapa Dar wanakuja na picha moja tu kwenye simu, nyumba nyeupe, kuba la bluu na bahari kwa chini. Hapo ni kijiji cha Oia, kwenye kisiwa cha Santorini huko Ugiriki, na kiukweli ni pazuri sana, hatubishi. Ila tukiuliza mnakaa siku ngapi wanajibu kumi, ndo tunawaambia kaeni kwanza tuongee.

Santorini ni kisiwa kidogo, yaani ni ukingo wa volkano iliyolipuka zamani sana katikati ikazama, ndo maana hoteli za kwenye picha zimeng'ang'ania kwenye genge na kila kitu ni ngazi, kwenda chumbani ngazi, kwenda kula ngazi, bandari ya zamani ya Fira, mji mkuu wa kisiwa, peke yake ina ngazi karibu 600. Ukisafiri na mama anayeumwa magoti au mtoto wa kusukuma kwenye kigari mtateseka. Ufukwe nao hauko chini ya chumba chako, uko upande wa pili, Kamari na Perissa, mchanga mweusi ambao mchana wa Julai bila ndala hukanyagi. Jioni watu wanajaa Oia mapema kuwahi kuona jua likizama, ukichelewa unaangalia migongo ya wenzio. Na chumba cha kutazama bahari ndo kinamaliza bajeti.

Krete, nacho kisiwa cha Ugiriki, sasa ni habari nyingine, Unguja na Pemba ukizijumlisha zinaingia humo mara tatu na nafasi inabaki. Kuna milima, kuna magofu ya kasri la kale la Knossos, kuna ufukwe wa Elafonissi ambako maji yanakufika magotini na unavuka kwa miguu mpaka kisiwa cha pili. Jioni unakaa mji wa Chania kwenye bandari ya zamani unaletewa dakos, mkate mkavu wa shayiri, juu nyanya ya kukwaruza, jibini na mafuta ya zeituni mpaka yanachuruzika vidoleni. Ubaya wake ni umbali, kutoka mji wa Heraklion mpaka Chania ni kama masaa mawili na nusu barabarani, kwa hiyo usipange hoteli moja ukadhani utazunguka kisiwa chote.

Ushauri wetu, mkiwa na usiku tatu nendeni Santorini moja kwa moja. Mkiwa na wiki na kuendelea kaeni Krete halafu mvuke Santorini usiku mbili, msimu wa joto boti ya kasi kutoka Heraklion ni kama masaa mawili. Sisi tunapenda Juni mwanzoni au Septemba, joto linavumilika na bahari imeshapata moto.

Viza ni ileile ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, popote mtakapochagua, euro 90 kwa mtu mzima na hairudi ukikataliwa, bima ya angalau euro 30,000, maombi unaweza kuanza miezi 6 kabla, tafadhali msitufuate zikiwa zimebaki wiki mbili. Mkituandikia tupeni tarehe, idadi ya usiku na umri wa kila anayesafiri.