Tumwezekee Mwalimu Bibi darasa lake kabla ya Januari

Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote kwa jumla shikamooni wakubwa zangu, habari zenu wenzangu.

Kiukweli naandika hii nikiwa na aibu. Mwezi wa nane tu mlitoa rambirambi za msiba wa bibi yetu, Mwalimu Bibi, kabla ya hapo mlimchangia dawa miezi karibu mitano, na 2019 mlichanga madawati 40 ya shule aliyofundisha mkayalipia mpaka usafiri. Nimekaa na simu siku tatu naandika nafuta, maana najiuliza hawa watu nitawaendea mara ngapi. Lakini juzi Jumanne nilienda shuleni kumwona mwalimu mkuu, nikakutwa na mvua ya vuli, na nilichokiona kimenifanya aibu yangu niiweke pembeni.

Mnaijua mvua ya huku kwetu Lushoto, inaanza na ukungu halafu ghafla husikii jirani yako anaongea nini. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa darasa la pili. Wale watoto hakuna aliyewaambia kitu, wakanyanyuka wenyewe, wakabeba madawati wawili wawili wakayasogeza ukutani upande wa mlimani ambako hapavuji sana, madaftari wakayaingiza ndani ya sweta, halafu wakabanana wanne wanne kwenye dawati la watu wawili wakamtazama mwalimu. Kuna katoto kamoja ka kike kakaenda kona kakachukua beseni na sufuria mbili, kakaziweka pale pale maji yanapodondokea, wala hakakutafuta, kanapajua kama kanavyojua jikoni kwao. Mwalimu akajaribu kuendelea, akageuka kuandika silabi, lakini ubao ulishaloa na chaki kwenye ubao ulioloa haishiki, inateleza tu inaacha ute mweupe. Akaiweka chini. Wakakaa kimya dakika 40 mpaka mvua ikapungua. Na hicho ndugu zangu kilikuwa kipindi cha kusoma.

Hilo ndilo darasa la Mwalimu Bibi. Wengi wenu mmekaa humo humo.

Na wale mliokuja kwenye arobaini yake mnakumbuka, mvua ilitukuta tukakimbilia darasani tukidhani tumepona, matokeo yake sheikh alimalizia dua vijana wamemshikia mwavuli juu ya msahafu, ndani, chini ya paa. Kuna mzee mmoja alitoka Tanga kwa ajili ya siku ile akasema kwa sauti ya chini tu, "Mwalimu amefundisha miaka yote hii sisi tumeshindwa hata kumfunikia?" Mimi nilikuwa nyuma yake na sikuwa na la kumjibu.

Kwa wadogo zetu na wakwe ambao hamkumkuta akiwa na nguvu zake, naomba niseme kidogo. Bibi alizaliwa 1938, mwenyewe alikuwa anasema mwaka mmoja kabla ya vita vya Hitla. Alianza kufundisha 1959 hii nchi ikiwa bado Tanganyika ya Mwingereza, binti wa miaka 21 kwenye kijiji ambacho wasichana waliofika darasa la nane unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vinabaki. Hilo jina la Mwalimu Bibi lilikuja baadaye, sisi wajukuu tulipoanza shule tukawa tunamwita Bibi darasani, akawa anatusahihisha kwamba hapa mimi ni mwalimu, watoto wa watu wakasikia yote mawili wakayaunga, mpaka mwenyekiti wa kijiji akawa anamwita hivyo mkutanoni.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, Bibi alikuwa na watoto wanne na wa tano mgongoni, na jioni alikuwa anawasha kandili anafundisha wazazi kwenye darasa hilo hilo. Mama mkwe wake ndiye aliyempinga kuliko wote, kwamba mke gani anatoka usiku. Wiki ya tatu yule mama mkwe akaja akakaa dawati la nyuma kabisa akajifunika kanga mpaka puani. Alichotaka ni kitu kimoja tu, kuandika jina lake, kwa sababu kwenye chama cha ushirika walikuwa wanamtia dole gumba kwenye wino mbele ya wanaume na alikuwa analiona lile dole kama uchafu, anakaa siku mbili analisugua kwa majivu. Ilimchukua miezi miwili. Siku alipoandika jina lake mbele ya karani alirudi nyumbani akampikia mkwe wake kuku, na tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa anashika mtoto jioni. Ndiyo mjue ile habari tunayoisikia kwamba 1986 Serikali ilitangaza zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wanajua kusoma na kuandika, haikuja kwa upepo, ni akina Bibi na kandili zao.

Halafu 1973 ikaja Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya kusikiliza redio kwa vikundi mkimaliza mnatoka na majembe kuchimba vyoo, kikundi cha kitongoji chetu kiongozi alikuwa yeye. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 na amri ya kila mtoto kuingia darasa la kwanza, shule ikafurika, akawa anafundisha kundi la asubuhi na kundi la mchana, chakula anakula anatembea. Wakaletwa na wale vijana waliomaliza la saba wakafundishwa ualimu huku wanafundisha, walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, watu wakawa wanawacheka. Kwa Bibi hukuthubutu. Aliwachukua wawili wakaishi nyumbani kwetu, usiku anawaandalia somo la kesho, na mmoja wao alistaafu akiwa mwalimu mkuu.

Kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nimelisikia msibani, alisimama baba mmoja mtu mzima ana mvi akalisema huku analia. Baada ya Vita vya Kagera sabuni ilikuwa haipatikani, foleni na ukifika mbele imeisha. Babu yetu alikuwa ameshafariki 1981, Bibi ana watoto saba peke yake kwa mshahara wa mwalimu. Akipata mche wa sabuni alikuwa anaukata kwa uzi, anauzungushia uzi anavuta taratibu, vipande vyembamba unaona mwanga kwa upande wa pili, anavifunga kwenye karatasi za daftari. Ijumaa mtoto ambaye sare yake chafu alikuwa haitwi mbele wala hachapwi, anakuta kile kikaratasi ndani ya daftari lake likirudishwa. Yule baba alisema hajawahi kumwambia mtu mpaka siku ile.

Sasa nifike kwenye daftari tulilolikuta kwa Bibi maana ndilo lililonipa ujasiri wa kuwaandikia.

Tulipokuwa tunapanga vitu vyake tumekuta kaunta buku tatu, yale madaftari makubwa, zimefungwa pamoja kwa kitambaa cha kanga. Ndani ni majina. Kila mtoto aliyemfundisha kusoma, mwaka kwa mwaka, kuanzia 1959 mpaka alipostaafu 1993, na baada ya hapo wale aliokuwa anawachukua barazani kwake jioni wakiwa hawajaweza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mbele ya jina ameandika tarehe na maneno mawili tu, "amesoma mwenyewe". Yaani siku ambayo mtoto alisoma ukurasa mzima bila kusaidiwa. Jina langu nimeliona, 1988, tarehe 14 Juni. Kuna ambao tarehe yao imechelewa miaka mitatu lakini ipo. Tumehesabu mimi na binamu zangu jioni tatu, tumepata majina 2,147. Mwandiko wa mwanzo umesimama kama wa chapa, wa mwisho unatetemeka na mistari inapanda juu, jina la mwisho ni la mtoto wa jirani, mwezi wa pili mwaka huu, Bibi akiwa na miaka 87 na jicho moja halioni.

Kwa hiyo usiseme hii haikuhusu. Jina lako limo. La mama yako inawezekana limo pia. Wale wa kwanza wengi wametangulia mbele za haki, tunawaombea, lakini watoto wao mpo hapa, mpo Dar na Arusha, mpo Uarabuni mnatafuta riziki, na mkataba mlioweka saini mliusoma wenyewe.

Nimeshaulizwa si elimu ni bure sasa, Serikali iko wapi? Ni haki kuuliza. Ada iliondolewa na tunashukuru, watoto wamejaa kuliko zamani, darasa la kwanza na la pili peke yake ni 163, lakini ruzuku inayokuja ni ya chaki na karatasi za mitihani, haifiki juu ya paa. Maombi yameandikwa na yamepokelewa na tuko kwenye foleni na shule nyingine ambazo hazina hata kuta. Haya madarasa mawili wazazi wetu waliyajenga kwa mawe waliyobeba kichwani kutoka mtoni, bati lenyewe ni la 1974, limezibwa kwa lami, limezibwa kwa vipande vya ndala, sasa hivi fundi akipanda kuziba tundu moja anafungua matatu kwa uzito wake mwenyewe.

Mbao tunazo, na hapa naomba msome taratibu. Wale wa darasa la nne la 1976 mnakumbuka Bibi aliwapandisha misonobari nyuma ya shule, kila mmoja mche wake na kopo la kumwagilia, mkanuna kwa sababu kilikuwa kipindi cha michezo. Ile miti sasa mtu mmoja hawezi kuikumbatia mikono ikakutana. Serikali ya kijiji imekubali tuvune minane na kibali cha misitu kimetoka. Kenchi zote, yaani mbao za kubeba paa, zitatoka humo, tunalipa kupasua tu.

Hesabu kwa shilingi iko hivi. Mabati ya geji 28 yanatakiwa 96, bei tuliyopewa ni 36,000 kila moja, jumla 3,456,000. Kupasua mbao na kuzisomba 540,000. Misumari, kofia za paa na fisha bodi, zile mbao za ukingoni mwa paa, 610,000. Fundi na vijana wake 850,000, ameshapunguza maana na yeye jina lake limo kwenye daftari. Gari la kuleta mabati kutoka Tanga mpaka huku juu 300,000. Zote ni 5,756,000. Zilizopo mkononi mpaka leo ni 1,915,000, kati ya hizo 600,000 ni rambirambi iliyobaki ambayo familia tulikaa tukakubaliana isigawanywe, na 215,000 ni ya akina mama wa kanisani ambao walikuja wenyewe kabla hatujawaambia. Bado 3,841,000. Ukitoa 36,000 umetoa bati zima, ukitoa 18,000 umetoa nusu, na ukiwa na buku mbili tu, yaani 2,000, leta buku mbili, kwa sababu nimepiga hesabu, majina yote ya kwenye daftari yangetoa buku mbili mbili tungemaliza na chenji ikabaki.

Hela zinaenda kwa mweka hazina yule yule wa madawati, namba ni ile ile mliyonayo, hakikisheni jina linatokea lake kabla ya kuthibitisha maana matapeli wanavizia misiba. Kila Jumapili jioni nitaweka orodha ya waliotoa na salio. Risiti za mabati tutazipiga picha, na hakuna hela itakayotoka bila saini tatu, ya mwalimu mkuu, ya mwenyekiti wa kitongoji na ya familia. Mara ya madawati ripoti tulichelewa kuitoa mkatusema na mlikuwa na haki, safari hii hatutachelewa. Asiyetaka jina lake lionekane aniambie.

Waislamu tunajua Mtume wetu, rehma na amani ziwe juu yake, alisema mtu akifa amali zake zinakatika isipokuwa tatu, sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Bibi mawili ya mwisho ameshajiwekea mwenyewe, hilo la kwanza naomba tumsaidie. Na ndugu zetu Wakristo aliwafundisha bila kuuliza mtoto anasali wapi, kila Krismasi alikuwa anapokea sahani kwenye nyumba nane, na msibani kwaya ilikuja ikakaa na sisi mpaka tunatoka makaburini. Hatukujengea kaburi lake chochote, alikataza mwenyewe, kuna jiwe tu na msonobari mdogo.

Shule zikifungwa tunaezua paa la zamani Jumamosi tarehe 6 Desemba kuanzia saa moja asubuhi. Mabati lazima yawe yameshalipiwa kabla ya siku hiyo, hatuwezi kuezua bila kuwa na cha kuezekea mvua zikiwa hivi. Ambaye hana hela kabisa aje na nyundo au aje abebe, chai na bada, ugali wetu wa muhogo, vitakuwepo, dada zangu wameshajipanga. Na zile kaunta buku tatu nitazileta siku hiyo, zitakuwa juu ya meza barazani, uje utafute jina lako uone ilikuwa tarehe ngapi.