Shoga yangu, salamu za Lodwar

Shoga,

Za Mombasa? Mi mzima, jua tu ndo linatukaanga ila tushazoea. Voisi yako nimeisikiza, eti nakudanganya huku jangwa mbona picha zangu zote nyuma kuna miti ya kijani. Haya ngoja nikwambie.

Mvua ya hapa mwaka mzima ni kama milimita 200 hivi, huko kwenu mwezi wa tano peke yake unaweza kufikisha hiyo. Sasa ule mti mkubwa uliouona ni mgunga, Waturkana wanauita ewoi, yeye hana haja ya kungoja mvua maana mizizi imeshuka chini kufuata maji yaliyobaki chini ya mchanga wa laga, yaani mto wa msimu, juu pakavu kabisa unatembea na viatu na chini kuna maji. Ndo maana ukiwa kwa gari ukaona mstari wa kijani umekatiza huo ukavu, jua hapo pana laga. Na majani yake ukiyashika ni viduchu kuliko punje ya mchele, jani la hivyo halipotezi maji ovyo wala halichemki na jua. Wenyewe hawaukati hivi hivi, maganda yake yakidondoka kiangazi ndo chakula cha mbuzi, na ile miti ya kando ya mto ina familia zake, wanaita ekwar, huwezi kuja tu na mbuzi wako bila kuongea na watu.

Halafu kuna mti wa mathenge, huyu mgeni aliletwa kuzuia jangwa sasa kajaa kila mahali, mizizi yake mirefu balaa. Mi simpendi. Ganda lake lina sukari linanasa kwenye meno ya mbuzi mpaka yanaoza, si unakumbuka watu wa Baringo walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi? 😂

Ila ufundi wenyewe hata kwako upo, huo mshubiri wa dirishani. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana kuvuta hewa, na maji yanatokea hapo hapo, yeye mchana anafunga kabisa anafungua usiku kukiwa na ubaridi, ile hewa anaiweka akiba, jua likitoka ndo anatengeneza chakula mlango umefungwa.

Ninayempenda mimi ni waridi la jangwani. Kiangazi anaangusha majani yote, kabaki shina nene limejaa maji, unadhani kafa, mara maua mekundu hata jani hana!

Ntakuletea mche nikishuka Disemba. Usiumwagilie kila siku kama mchicha wako, mizizi itaoza, ngoja udongo ukauke kwanza. Na weka juu mtoto asifike, utomvu wake ni sumu, watu walikuwa wanapaka kwenye mishale ya kuwindia.

Nisalimie mama.